Gemu Iliyoijua Changarawe

Ukitaka kuipima gemu ya magari, usianze na magari. Usiangalie nguvu za injini wala rangi zinavyong'aa. Endesha mpaka mwendo ukolee, kisha toa matairi ya upande mmoja nje ya lami. Katika gemu nyingi kinachotokea hapo ni kimoja tu: namba ya mwendo inashuka, gari linakuwa zito, basi. Katika gemu chache sana, mlio wa tairi unabadilika kwanza, halafu usukani unalegea, halafu mkia wa gari unaanza kusogea taratibu kuelekea nje ya kona, nawe unapewa kitambo kidogo cha kuamua: uachie mafuta, au uzidi kukanyaga na kugeuza usukani upande wa pili. Kitambo hicho ndicho ninachokipenda kuliko chochote katika gemu hizi. Kuna mafundi waliokaa wakakichonga kwa subira, na kazi yao inastahili kutazamwa kwa subira ileile.

Mtihani huu nimeuchukua barabarani. Huku Susuni, wilayani Tarime, lami tunayoitegemea ni ile ya barabara kuu inayotoka Mwanza kwenda mpakani Sirari. Ukiiacha, uko kwenye moramu na udongo, na kila mwezi barabara inakuwa nyingine. Kiangazi ni vumbi juu ya ardhi ngumu, yaani changarawe ndogondogo zinazobiringika chini ya tairi. Mvua ikinyesha, sehemu ileile inakuwa utelezi. Greda likipita linaacha tuta la udongo mlegevu katikati, na anayelivuka kwa pupa analala chini. Kijana wa bodaboda anayajua haya bila kufundishwa darasani. Kwenye changarawe mpya hashiki breki ya mbele, hakati kona kwa ghafla, anapunguza mafuta mapema na kuiachia pikipiki ijitafutie njia. Huyo ukimpa pedi ya gemu, baada ya kona mbili atakwambia kama gemu ile ina ardhi au haina.

Gemu za kwanza hazikuwa nayo, na hazikuweza kuwa nayo. OutRun ya Yu Suzuki, iliyotoka Sega mwaka 1986, haina barabara hata kidogo. Ina mistari inayochorwa mmoja juu ya mwingine, mipana chini ya skrini na myembamba kwa mbali, na kona inapatikana kwa kuisogeza mistari hiyo pembeni. Gari halizunguki popote. Linabaki katikati ya kioo, na programu inalisukuma kuelekea nje ya kona kadiri mwendo unavyozidi, mchezaji naye analirudisha kwa usukani. Ni hesabu ndogo mno. Lakini Suzuki aliipima vizuri hivi kwamba ukiingia kona ndefu kwa mwendo mkali, mikono inakaza usukani kana kwamba kweli kuna kitu kinakuvuta. Mashine yake kubwa ilikuwa na kiti kinachoinama pamoja na gari. Mchezaji alichagua wimbo wa redio kabla ya kuanza, na barabara iligawanyika mara kwa mara ili achague njia. Hayo yote yalisaidia, ila kilichobeba kazi ni ile hesabu ya kusukumwa nje.

Kisha ikaja Ridge Racer ya Namco, mwaka 1993 katika mashine za kumbi za michezo, na Desemba 1994 ikawa miongoni mwa gemu zilizozinduliwa pamoja na PlayStation nchini Japani. Hapa barabara ipo kweli, ina vilima na handaki, na gari linadrifti. Namna ya kudrifti ni hii: unakaribia kona, unaachia mafuta, unageuza usukani, unakanyaga tena. Mkia unatoka, gari linakwenda kiubavu kona nzima, na ukilinyoosha kwa wakati wake linarudi kana kwamba halikuwahi kuondoka. Ni raha ya aina yake na siidharau. Ila ukicheza muda mrefu unagundua kwamba gari likishaanza kudrifti limeingia kwenye reli. Linafuata upinde wa kona lenyewe, wewe kazi yako imebaki kujua wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Ardhi haikuulizwa. Lau barabara ile ingekuwa ya barafu au ya kokoto, drifti ingekuwa ileile.

Daytona USA ya Sega ilisogea hatua moja mbele. Unapunguza gia ghafla, kutoka ya nne hadi ya pili, nyuma inakuwa nyepesi na kutoka, kisha unapambana kuirudisha kwa usukani wenye mota ndani yake unaokusukuma mikono. Picha zake zilikwenda 60 kwa sekunde, na hilo si pambo: kila picha inakaa chini ya sekunde moja ya hamsini, kwa hiyo kosa la mkono linaonekana mara moja na linarekebishika mara moja. Hata hivyo Daytona ni lami mwanzo hadi mwisho.

Katikati ya miaka ya 1990 watu wa Sega wakatoa Sega Rally Championship, ikitumia familia ileile ya mashine kama Daytona, Model 2. Tetsuya Mizuguchi ndiye aliyeongoza mradi. Pamoja naye alikuwapo Kenji Sasaki, aliyekuwa amefanya kazi kwenye Ridge Racer huko Namco kabla ya kuhamia Sega. Jambo hili huwa nalifikiria sana. Mtu aliyeshiriki kutengeneza gari linaloteleza kwenye reli anahamia nyumba nyingine, na safari hii anashiriki kutengeneza gari linaloteleza juu ya udongo.

Ndani ya Sega Rally, kila aina ya ardhi ina mshiko wake. Ilikuwa miongoni mwa gemu za kwanza kufanya hivyo kwa uwazi, na mpaka leo zipo gemu zinazouzwa kwa bei kubwa ambazo hazijafika hapo. Unapotoka kwenye lami kuingia kwenye changarawe, gari halipungui mwendo tu. Linakuwa gari jingine. Usukani unaochelewa kidogo, nyuma inayotaka kutoka, breki zinazohitaji nafasi ndefu zaidi. Ukirudi kwenye lami ukiwa bado kiubavu, matairi yanakamata kwa nguvu na kukurusha upande wa pili usipokuwa tayari. Anayefahamu njia ile anaanza kunyoosha gari mapema, akiwa bado kwenye changarawe, kwa sababu anajua lami iko mbele. Yaani anaisoma ardhi.

Nieleze kidogo kinachofanyika ndani, maana ustadi wote umejificha hapo. Tairi linapogeuzwa, halielekei hasa linakotazama. Kuna pembe ndogo kati ya linakotazama na linakokwenda, na pembe hiyo ndiyo inayozaa nguvu ya kulisukuma gari ndani ya kona. Pembe ikiongezeka, nguvu inaongezeka, mpaka inafika kileleni. Ikizidi hapo, nguvu inaanza kupungua na tairi limeachia. Juu ya lami, kilele hicho ni chembamba: sasa hivi umeshika, punde umeachia. Juu ya udongo mlegevu kilele ni kipana. Tairi linajilimbikizia udongo ubavuni na kuuegemea, kwa hiyo linaweza kukaa kiubavu muda mrefu likiwa bado na nguvu. Ndiyo sababu dereva wa rali anaingia kona ya moramu akiangalia barabara kupitia dirisha la pembeni, na dereva wa mbio za lami hafanyi hivyo.

Sasa fundi wa gemu anakabiliwa na shida. Akiweka ukweli mtupu, mtu aliyekaa kwenye kiti, asiyesikia gari likimlemea mgongoni wala mbavuni, ataanguka kila kona. Mwili wake haupewi habari. Akirahisisha mno, anarudi kwenye reli. Walichofanya Mizuguchi na wenzake, kwa ninavyoiona kazi yao kupitia vidole vyangu, ni kukipanua kile kilele kidogo kuliko kilivyo, na kulainisha mteremko wa upande wa pili, bila kukiondoa. Gari bado linaachia. Ila linaachia polepole kiasi cha mtu kusikia, kuelewa na kujibu. Kisha habari ambayo mwili haupati wakaipitisha njia nyingine: mlio wa kokoto dhidi ya bodi, mlio wa tairi ukipanda juu kabla ya kuachia, usukani wa mashine ukilegea mikononi, na sauti ya msaidizi anayetaja kona inayokuja kabla hujaiona.

Uzito nao upo. Ukishika breki, uzito unakwenda mbele, matairi ya mbele yanakandamizwa na kupata mshiko, ya nyuma yanapungukiwa. Hapo ukigeuza, mkia unatoka kwa hiari. Madereva wa rali wana chenga yao: kabla ya kona ya kulia wanageuza kidogo kushoto, gari linaegemea upande mmoja, kisha wanalirusha kulia na uzito wote unahama kwa pamoja. Chenga hiyo inafanya kazi ndani ya Sega Rally. Anayejaribu anapewa anachostahili, kwa kuwa uzito na mshiko vimewekwa ndani ya gari na njia zao zinaachwa zikutane zenyewe.

Njia ya kwanza inaitwa Desert. Jina ni jangwa, lakini kinachoonekana kandokando ni savana ya Afrika, pamoja na punda milia na tembo. Magari mawili ya kuchagua ni Toyota Celica GT-Four yenye rangi nyeupe, nyekundu na kijani, na Lancia Delta HF Integrale. Yeyote anayefuatilia Safari Rally ya Kenya ataguswa na uteuzi huo. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, wakati huo yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalitawaliwa na Lancia na Toyota. Miki Biasion alishinda Safari ya 1988 na ya 1989 akiwa na Delta Integrale. Celica ilishinda 1990, kisha kuanzia 1992 ikashinda miaka minne mfululizo. Juha Kankkunen alishinda 1991 kwa Lancia na 1993 kwa Toyota, mtu mmoja na magari yote mawili ya gemu. Mwaka huo wa 1993 Toyota walichukua nafasi nne za kwanza. Gari la tatu, Lancia Stratos, limefichwa mpaka ulistahili. Halikuwahi kushinda Safari, na mkia wake mwepesi ndani ya gemu unakuonyesha kwa nini ni gari la mtu mwenye mikono mitulivu.

Bila shaka Safari halisi ilikuwa kitu kingine kabisa. Magari yalifungwa vyuma vya mbele kwa ajili ya wanyama na bomba la kupumulia lililopandishwa hadi kwenye paa kwa ajili ya kuvuka maji. Barabara hazikufungwa, na helikopta ziliruka juu kuonya kuhusu malori na ng'ombe waliopo mbele. Gemu ya dakika chache haiwezi kubeba hayo. Lakini ile hisia moja, ya gari zito la magurudumu manne yanayovuta, likiwa kiubavu juu ya ardhi inayotembea chini yake, wameinasa. Colin McRae, aliyeshinda Safari mara tatu, 1997, 1999 na 2002, aliipa jina lake gemu ya kampuni ya Codemasters ya Uingereza, na toleo la pili la mwaka 2000 lina barabara za Kenya. Ni gemu nzuri, ya makini, yenye gari linaloharibika ukilitendea vibaya. Mimi bado naona gari lake ni jepesi mno chini ya kidole, kana kwamba linazunguka kwenye msumari uliopigwa katikati ya sakafu yake. Wengi hawatakubaliana nami, nami nawaelewa, kwa kuwa barabara zake ni bora kuliko za Sega.

Katika vibanda vya gemu, Tarime mjini hata Sirari, Sega Rally si gemu utakayoikuta. Kwa miaka mingi mashine imekuwa PlayStation 2, na mpira ndio unaoleta fedha. Magari huja baadaye, mchana wa jua kali au wenye mpira wakishachoka, na majina ni yaleyale: Burnout 3, Need for Speed Most Wanted, na San Andreas ambayo si ya mbio lakini ndiyo iliyofundisha vijana wengi kuvuta hendibreki.

Burnout 3 ya Criterion, ya mwaka 2004, nayo ni kazi ya mafundi, ila ustadi wao waliuelekeza kwingine. Ardhi yake ni lami isiyobadilika. Waliyoyachonga ni mwendo na msongamano. Kamera imeshushwa karibu na barabara ili lami ipite kwa kasi machoni, inatetemeka mwendo ukipanda, na ukitembea upande wa magari yanayokuja unajaziwa nguvu ya kuchomoka. Ukigusa ukuta kwa pembe ndogo unasamehewa. Ukiugonga uso kwa uso umekwisha. Mipaka ile kati ya kusamehewa na kuadhibiwa imepimwa kwa uangalifu mkubwa, na ndiyo inayomfanya kijana anayetazama nyuma yako apige kelele kabla yako. Lakini gari lenyewe halikwambii chochote kuhusu kilicho chini. Most Wanted ya mwaka 2005 ni nzito zaidi, na ina kitufe cha kupunguza kasi ya muda wenyewe ili uupeleke mkia unakotaka. Naichukulia kama kukiri: walishindwa kukupa kile kitambo ndani ya tairi, wakakupa kwenye saa.

San Andreas inanishangaza zaidi kila ninapoichunguza. Ndani yake kuna faili la maandishi ya kawaida linalopanga kila gari: uzito wake, mshiko wake, mshiko huo ugawanywe vipi mbele na nyuma, springi zake ziwe ngumu kiasi gani. Kuna faili jingine linalopanga mshiko kati ya raba na barabara, raba na mchanga, raba na udongo mlegevu. Mvua ikinyesha, gari linateleza. Watu waliokuwa na jimbo zima la kutengeneza, na ndege na boti na bunduki, waliona inafaa kukaa na jedwali la ardhi. Panda pikipiki ya Sanchez uiteremshe mlima wa nje ya mji, kwenye njia ya vumbi, halafu mwite mtu wa bodaboda atazame. Atakuambia uachie mafuta kabla hujafika kwenye kona.

Kwenye simu, hali ni ngumu kwa kuwa kioo hakina usukani wala kitufe cha kusikia kwa kidole. Asphalt 9 ya mwaka 2018 iliamua kumwondolea mchezaji usukani kabisa akipenda: gari linajiendesha, yeye anachagua njia na kubonyeza drifti. Picha ni za kupendeza, lakini hapo hakuna tena udereva wa kuuzungumzia. Hill Climb Racing, iliyotoka Finland mwaka 2012, ilikwenda kinyume. Picha za kitoto, pedali mbili, gari linaonekana kwa ubavu. Lakini vilima vyake ni ardhi ya kweli. Ukizidisha mafuta, pua inapanda na unapinduka chali. Ukipunguza mno, unarudi nyuma. Springi zinabonyea, tairi linaruka hewani na kukosa kazi, linatua na kupata kazi tena. Inaingia kwenye simu ya bei nafuu, na ndiyo gemu ya simu ninayoiheshimu kuliko zote zenye magari ya mamilioni.

Mwaka 2007 Sega walirudi kwa Sega Rally Revo, iliyotengenezwa Uingereza na Sega Racing Studio. Mle wamefanya jambo ambalo kwa mtu wa barabara zetu halihitaji maelezo: ardhi inachimbika. Magari yakipita mzunguko wa kwanza yanaacha mifereji kwenye tope na mchanga, na mzunguko wa pili unaikuta mifereji hiyo, unaamua kuifuata au kuivuka. Ukiifuata, inakushika. Ukiivuka vibaya, inakurusha. Mzunguko wa tatu njia si ile uliyoanza nayo. Kuna mandhari yanayoitwa Safari, na ndani yake tope hukusanyika pale ambapo kila mtu anakata kona. Mauzo hayakuwa mazuri, na mwaka uliofuata studio ikafungwa. Nasikitika kila nikikumbuka, kwa sababu wazo lile lilistahili miaka kumi ya kufanyiwa kazi.

Safari yenyewe ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, Naivasha, baada ya kukosekana tangu 2002, na Toyota ilishinda kila mwaka hadi 2025. Gemu rasmi za ubingwa huo, WRC, zimeweka barabara hizo, na mchanga laini kama unga unaofunika mashimo ya Naivasha unalemaza gari ipasavyo. Hizo ni gemu za kuiga uhalisia. Zinataka usukani wa mezani, pedali za miguu na muda wa mtu asiye na shamba.

Anayetaka kuonja ninachokisema aitafute Sega Rally ya zamani, iwe ya Saturn au ile ya kompyuta. Achague Desert, Celica, na gia za mkono. Mzunguko wa kwanza asidrifti kabisa. Aendeshe polepole akisikiliza mlio unavyobadilika kila ardhi inapobadilika. Halafu kwenye kona ndefu ya kwanza aachie mafuta mapema kuliko anavyodhani inafaa, ageuze kidogo tu, akanyage tena kabla mkia haujamaliza kutoka, na aushike usukani kwa vidole badala ya kiganja. Akishalipata hilo kwenye changarawe, aende Mountain, ambako lami ni nyingi na nyumba ziko karibu na barabara, ajifunze upya karibu kila kitu.